Karata ya Mbili

Kiti cha wifi yangu kilibaki mahali pake, kulia kwa kiti changu, mbele ya kompyuta tuliyokuwa tukiitumia pamoja. Hakuna aliyekikalia. Rangi, dada anayechora sura za programu zetu, akipita na kikombe cha chai alikizunguka kama anayemzunguka mtoto aliyelala. Fundi wa umeme alipokuja kubadilisha taa akataka kukipanda, Kocha, mkubwa wetu wa kazi, alimkimbilia na kiti kingine. Watu walikuwa wema. Sijawahi kutendewa wema mwingi namna ile, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Wifi alikuwa dada wa mume wangu. Yeye wifi yangu, mimi wifi yake, na mle ofisini hakuna aliyetuita vinginevyo. Mgeni akija akauliza nenosiri la wifi, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kugeuka. "Wifi hana nenosiri. Mnunulie soda tu, utaunganishwa."

Alisomea kompyuta chuoni. Mimi niliishia sekondari, nikapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja, kazi ya kukaa dirishani na kuita majina ya wagonjwa mpaka koo likauke. Ofisi yao ilipopewa kazi ya kuitengenezea kliniki ile programu ya miadi, yeye alimwambia Kocha, "Mnahangaika nini kutafuta wa kuwaeleza kliniki inavyokwenda? Nina wifi yangu pale, dirisha lile linamjua kuliko mumewe." Kocha akaniomba kwa wiki moja. Sikurudi dirishani tena.

Kocha ndiye alikuwa msimamizi wa mradi, lakini neno msimamizi hakulitaka. Alisema kazi yake si kutoa amri, ni kutuondolea mawe njiani. Kwenye ukuta wa karibu na mlango kulikuwa na ubao umejaa kadi ndogo za karatasi. Kila kadi ilikuwa na jambo moja ambalo programu inatakiwa ifanye, limeandikwa kwa maneno ya mtu atakayeitumia: mimi fulani nataka kitu fulani, ili nipate jambo fulani. Kadi ya kwanza kabisa ilikuwa ya maneno yangu. "Mimi mhudumu wa mapokezi nataka kuona nani amefika, ili nisiite asiyekuwepo."

Kila wiki mbili tulichagua kadi chache, tukazifanya zikaisha, tukamwita mteja aone kitu kinachofanya kazi. Hatukumwonyesha picha wala ahadi. Akisema sivyo, tumepoteza wiki mbili, hatujapoteza mwaka. Kipindi hicho tulikiita mzunguko. Asubuhi tulisimama mbele ya ubao, kila mtu aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Tulisimama makusudi, maana mtu akikaa huanza hadithi. Wifi alikuwa akisimama kwa mguu mmoja, "Haraka jamani, nimeegesha vibaya," na gari hana.

Tena programu tuliiandika wawili wawili. Mmoja anashika kibodi, mwenzake anatazama na kusema. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mimi hata herufi sijui ziko wapi."

"Ndiyo maana umekaa hapo," akasema. "Mimi najua herufi, kliniki siijui. Wewe nisemeshe tu. Nikikosea nipige kofi."

Nilimpiga siku hiyohiyo. Alikuwa amepanga wagonjwa waitwe kwa herufi za majina, eti wa A waingie kwanza. Alicheka hadi akaweka kichwa juu ya meza. Baadaye, polepole, kibodi kikahamia kwangu na maneno yakahamia kwake.

Sehemu ya ujumbe tuliiandika sisi wawili. Siku moja kabla ya miadi, programu inamtumia mgonjwa ujumbe kwenye simu. Habari, kisha jina lake, kisha: kesho tunakusubiri kliniki, karibu. Neno karibu aliliweka yeye. Nilimuuliza nani anafurahia kukaribishwa kliniki. Akasema, "Mimi." Figo zake zilikuwa zinamsumbua tangu zamani, na kila mwezi alikwenda palepale kupimwa. Akirudi nikimuuliza wamesema nini, alinieleza habari za programu. Skrini ya dirishani inakawia, yule binti mpya anabonyeza mara mbili mbili. Habari za figo nilizipata kwa mume wangu.

Alifariki hospitali siku ya kazi, asubuhi, mimi nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta ile nikimsubiri aje tuendelee tulipoishia.

Tulimzika. Nilirudi kazini mapema kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya zaidi. Mume wangu si mtu wa maneno hata siku za furaha, na dada yake ndiye aliyekuwa akimchokoza mpaka aongee. Sasa alikula, akashukuru, akaenda kukaa barazani. Simu ya dada yake aliiweka juu ya kabati la vyombo, na chaji ikiisha alichaji. Sikumuuliza kwa nini. Nilifuta vumbi pembeni yake, nikaogopa kuigusa.

Mwezi ulipofika ikalia. Mlio mmoja mfupi, jioni, tukiwa mezani. Mume wangu aliinuka, akasoma amesimama.

"Wanamwita," akasema.

Akanipa nami nisome. Habari, na jina lake lote, kesho tunakusubiri kliniki, karibu. Mume wangu aliirudisha simu juu ya kabati akaendelea kula. Mimi sikuweza. Nilikuwa najua ule mstari uko wapi, ndani ya faili gani, na nani alikuwa ameshika kibodi siku tulipouandika.

Haukupita muda mrefu, Sista akalisema jambo hilo mbele ya wote. Sista ni muuguzi mkuu wa kliniki, na ndiye aliyekuwa akija kila mwisho wa mzunguko kuona tulichofanya. Alikaa, akatazama kazi yetu mpya, akaisifu, halafu akavua miwani.

"Programu yenu inaita vizuri, watoto wangu. Ila inaita hata walioondoka."

"Kivipi, Sista?" Kocha akauliza.

"Mtu akifa nyie hamna habari. Sisi tunafunga faili lake la karatasi, programu inaendelea kumwita. Juzi alikuja mzee mmoja, amevaa koti, amenyoa. Nikamuuliza, baba, una miadi? Akasema, 'Mmemwita mke wangu. Nimekuja badala yake.' Mkewe amezikwa, na mimi nilikuwepo mazikoni. Tukaona aibu kumwambia rudi nyumbani. Tukampima presha, basi, asione amekuja bure."

Halafu Sista akanikumbuka, akanitazama, akashika mdomo. Nikamwambia si kitu.

Kocha aliandika kadi palepale, kama kawaida yake. "Mimi ndugu wa marehemu nataka ujumbe ukome, ili" halafu mkono ukasimama. Akaweka nukta nukta na kuibandika ubaoni chini kabisa.

Sasa, kabla kadi haijachaguliwa tulikuwa tunaipima uzito kwa karata. Kila mmoja ana zake, zina namba: moja, mbili, tatu, tano, nane, kumi na tatu, ishirini. Namba si saa wala siku, ni ugumu tu, kazi hii ikilinganishwa na ile. Kocha anasoma kadi, kila mtu anachagua karata yake kimyakimya, zinageuzwa kwa pamoja ili asiwepo wa kumwiga mwenzake. Aliyetoa namba ndogo kuliko wote na aliyetoa kubwa kuliko wote ndio wanaojieleza, wengine wanasikiliza, kisha mnarudia mpaka mkaribiane. Kadi ya ishirini haichukuliwi. Ni kubwa mno kwa mzunguko mmoja, inasubiri. Mlinzi wa jengo alituona siku moja kupitia kioo, akaenda kusema ghorofa ya tatu watu wanalipwa kucheza kamari.

Mara ya kwanza kadi ile ilipopimwa mimi nilitoa tano. Kocha alitoa ishirini. Rangi ishirini. Mlingoti, kijana mrefu anayeshughulikia mitambo yetu, ishirini. Nilisubiri wajieleze. Kocha akasema haraka, "Kubwa hii, tuiache mzunguko ujao," akaivuta kadi nyingine.

Mzunguko uliofuata, ishirini tena. Safari hii nilimwona Rangi akimtupia jicho Mlingoti kabla ya kugeuza. Walikuwa wamepatana. Walijua kadi ile inataka mtu aingie ndani ya sehemu yetu, mimi na Wifi, na aandike ndani yake neno marehemu. Hawakutaka niwe mimi, na hawakutaka awe mwingine mbele ya macho yangu. Basi wakaitia kadi uzito kwa namba, wakaificha mchana kweupe.

Siwezi kuwalaumu. Lakini nilipokuwa nimekaa na kile kiti pembeni, nikiandika vikazi vidogo walivyonichagulia, nilimfikiria yule mzee na koti lake. Na kila asubuhi mbele ya ubao, zamu yangu ikifika, nilisema hakuna kinachonikwamisha. Peke yangu kadi ile nisingeiweza. Tangu nianze kazi hii sikuwahi kuandika kitu cha maana bila mtu wa kunisemesha. Na kumwomba mtu akae pale kungekuwa kama kutangaza nafasi ya kazi.

Siku moja Rangi aliniletea biskuti. Akaziweka mezani, akasimama upande wangu wa kushoto.

"Wifi, ukitaka ruhusa wewe sema tu. Kocha hana neno."

"Niende wapi, Rangi?"

"Upumzike."

"Nikapumzike na nani?"

Akacheka kidogo, akadhani namtania, akaniachia pakiti nzima.

Ndipo akaja Ramani. Alikuwa mtu mzima, mvi kichwani, ameandika programu katika idara moja kubwa tangu ujana wake mpaka idara ikavunjwa. Jina lilimpata siku ya kwanza saa za asubuhi, pale alipouliza, "Ramani ya mradi iko wapi niisome?" Mlingoti akamwonyesha ubao. Akautazama, akatazama nyuma ya ubao.

"Hizi kadi tu?"

"Hizi tu, mzee."

"Na baada ya hizi?"

"Hatujui. Tutamuuliza mteja."

"Mungu wangu," akasema. Ofisi nzima ikaangua kicheko, na mimi nilicheka, nikashangaa kusikia sauti yangu.

Kocha aliniambia nimfundishe taratibu zetu. Ramani akaja mezani kwangu, akavuta kiti cha Wifi, akakikalia. Nilisikia vikombe vikisimama. Rangi aliinuka nusu. Yeye hakuona kitu. Aliinama akatafuta kile chuma cha pembeni, akakivuta, kiti kikapanda.

"Aliyekaa hapa alikuwa mfupi," akasema.

"Alikuwa mfupi," nikasema.

"Kahamia wapi?"

"Amefariki. Alikuwa wifi yangu."

Aliruka kama amekalia moto. "Nisamehe, dada. Nisamehe sana, sikuambiwa."

"Kaa," nikamwambia. "Kaa tu, mzee. Tafadhali."

Akakaa, lakini ukingoni. Nikamweleza mizunguko, kadi, kusimama asubuhi. Alisikiliza kama mwanafunzi. Alisema kule kwao walichora programu nzima kwenye makaratasi kwanza, kitabu kinene, sahihi za wakubwa kila ukurasa. "Tulichora miaka miwili. Tulipomaliza kujenga, ile kazi tuliyoijengea ilikuwa imeshafutwa. Tukafanya sherehe ya uzinduzi hivyohivyo."

"Mlimzindulia nani?"

"Wapiga picha."

Mara ya pili nikacheka. Kisha Rangi akaja, akamgusa bega kwa heshima. "Mzee, njoo meza ile, kuna mwanga zaidi." Ramani akanitazama, nami sikupata neno la kusema upesi. Akaondoka. Kiti kikabaki kimepanda juu, si cha Wifi tena na si cha mtu.

Siku ya kupima kadi ikafika. Tulikaa kuzunguka meza kubwa. Kocha akasoma mbili tatu, tukakubaliana upesi. Halafu akafika kwenye ile, akaisoma kwa sauti ya chini, akaishia kwenye nukta nukta.

Tukageuza. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Tano yangu. Na mbele ya Ramani, karata ya mbili.

Kocha akakohoa. "Mzee, pengine uzito wa kadi hii bado hujauelewa."

"Nimeuelewa. Jana nimeisoma sehemu yenyewe. Imeandikwa vizuri sana, mtu anaingia mlangoni anakiona kila chumba. Hakuna mahali inapouliza kama mgonjwa yupo. Tunaongeza nafasi ya kujaza jambo hilo, na swali moja kabla ujumbe haujatoka. Mbili." Akatutazama. "Nilifundishwa hapa kuwa wa chini anajieleza na wa juu anajieleza. Mimi nimemaliza. Nyie mmeona nini ambacho mimi sijakiona?"

Mlingoti akazipanga karata zake, akazipangua.

"Kuna mambo," Rangi akasema.

"Mambo gani, binti yangu? Nataka nijifunze."

Rangi akatazama dirisha. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Ni mimi," nikasema. "Hiyo ishirini ni mimi. Kadi yenyewe ni ndogo."

Hakuna aliyepinga. Nilitoa karata ya mbili kwenye fungu langu nikaiweka juu ya tano.

Ramani alikuwa amekwisha kuelewa, naona, maana aliongea taratibu zaidi. "Kadi haijamalizika, lakini. Ndugu wa marehemu anataka ujumbe ukome, ili nini?"

Kocha akashika kalamu, akanisubiri mimi. Wote wakanisubiri.

"Ili tusimwite mtu asiyeweza kuja," nikasema.

Akaandika. Tukaichukua, mimi na Ramani.

Alikaa pale, kiti kimepanda. Nilishika kibodi. Wifi alikuwa akisema bila kukoma, akila, akiimba, akinisukuma kwa bega, sogea, futa, siyo hapo kipofu wewe. Ramani alikuwa akinyoosha kidole hewani na kusema, "Naomba kusema." Ilinichukua muda kuzoea kimya kilichokuwa katikati ya maneno yake. Mara kwa mara niligeuka kulia nikitaka kumwambia mtu jambo la upuuzi, nikakutana na uso wa mtu mzima unaosubiri kwa adabu.

Tuliandika jaribio kabla ya kazi yenyewe, ndivyo Kocha alivyotuzoesha. Tunaiambia programu: huyu mgonjwa wa kubuni amefariki, kesho ana miadi, haitakiwi umtumie kitu. Jaribio lazima lianguke kwanza, ndipo ujue linajaribu kweli. Likaanguka. Skrini ikaonyesha mstari mwekundu: ujumbe umetumwa. Habari, mgonjwa wa kubuni, karibu. Ramani alinitazama kwa pembe ya jicho, nikamwambia tuendelee.

Mistari ya Wifi tuliyoigusa haikuwa mingi. Nyingine ilibidi tuikate. Nilibonyeza mwenyewe.

Tulibishana juu ya nani awe na haki ya kuijaza ile nafasi. Ramani alitaka mapokezi. Nikamwambia hapana, dirishani nimeona watu wawili wa jina moja na umri mmoja wakipokezana dawa. Binti akikosea atamzika mtu angali hai. Basi tukaamua aandikishe ndugu aliyetajwa kwenye faili la mgonjwa, mwenyewe, mbele ya Sista.

"Na akishajaza, tumuulize," Ramani akasema, akaelekeza kidole. "Naomba kusema. 'Una hakika?' Programu zote huuliza hivyo."

"Hakika ya nini?"

Akafikiri. "Kweli. Hakika ya nini."

Swali lile lilitupotezea muda kuliko kazi nyingine yote. Mwishowe tukaandika: "Pole. Ukikubali, hatutamwita tena." Chini yake vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa Nakubali. Cha pili Ramani alitaka kiwe Ghairi, nikaandika Bado.

Safari hii jaribio halikuanguka. Siku ya kuonyesha, Sista alisoma ile sentensi, akaisoma tena midomo ikitikisika, akasema, "Yule mzee nitampigia mwenyewe." Kadi ikahamishwa upande wa zilizokwisha. Rangi akanikumbatia, na safari hii alikuja kwa upande wa kulia.

Ilibaki simu ya Wifi, kule nyumbani kwetu. Kwenye faili la Wifi ndugu aliyeandikwa ni kaka yake. Mimi nilikuwa na uwezo wa kuingia kwenye kumbukumbu zote za programu. Mstari mmoja, mume wangu asingejua, simu ingenyamaza yenyewe na angedhani ni mtandao. Ramani alilijua hilo. Alisema tu, "Una ufunguo, dada," akaenda kuchukua chai yake, akaniacha na kompyuta. Nilikaa kidogo. Kisha nikaizima nikaenda nyumbani.

Nilimkuta barazani. Nikakaa ngazini chini yake, nikamweleza yote, kadi, karata, Sista, yule mzee na koti.

"Kwa hiyo mimi ndiye niende niseme amekufa," akasema.

"Hapana, mume wangu. Useme wasimwite tena."

"Tofauti yake?"

Akatazama barabara.

"Bado," akasema.

Sikumwambia kwamba neno hilo tulimwekea. Mwezi ukapita. Jioni moja simu ikalia juu ya kabati, mlio mmoja, na hakuinuka. Nilimsubiri. Alimaliza chakula, akanawa, akasimama mbele ya kabati akiwa ameipa mgongo meza.

"Wanafungua saa ngapi pale?"

"Saa mbili."

"Basi niamshe."

Asubuhi alivaa shati la kazini lililopigwa pasi. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele hatua chache kama kawaida yake. Kliniki ilikuwa imejaa. Sista alitupitisha chumba cha pembeni, akafungua faili, akageuza skrini kuelekea kwa mume wangu, akasogea dirishani atuache. Nilisimama nyuma ya bega lake. Nilisoma naye: Pole. Ukikubali, hatutamwita tena. Nilijua nukta ile niliibonyeza lini.

Alishika kipanya vibaya, kama mtu anayeshika kifaranga. Mshale ulikwenda Bado, ukakaa. Ukarudi. Akabonyeza Nakubali.

Skrini ikaruka mara moja ikaonyesha orodha ya wagonjwa wa siku ile. Jina la Wifi halikuwemo. Wa chini yake alikuwa amepanda juu, na safu zilikuwa zimejifunga kama kwamba hapajawahi kuwa na nafasi.

Mume wangu hakuachia kipanya. Alikuwa anaisubiri skrini.

"Sasa?" akaniuliza.

Ndipo nilipoona. Hatukuwa tumeandika kitu cha baada ya hapo. Tulifikiri juu ya ujumbe, juu ya swali, juu ya vitufe, hatukumfikiria mtu aliyekwisha kubonyeza. Nilisema, "Imekwisha." Akaitikia kwa kichwa, akasukuma kiti taratibu, akamshukuru Sista, akatoka.

Nilidhani anakwenda nje. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la kusubiria, kati ya wagonjwa, mikono juu ya magoti. Nikakaa pembeni yake. Majina yaliitwa, watu wakainuka, wengine wakaja wakakaa. Tulikaa mpaka benchi likabaki na sisi wawili, na yule binti wa mapokezi, ambaye hakutujua, akatoka dirishani akaja kutuuliza tunamsubiri nani.